Unataka kujitolea AFCON 2027? Anzia hapa

Tangu CHAN (mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani) ya Agosti 2025 imalizike, maswali yanayonifikia kuhusu kujitolea AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ni yale yale: fomu inapatikana wapi, posho ni kiasi gani, nikichaguliwa nitaona mechi bure? Nimewajibu watu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike yote mahali pamoja. Nimeshasimama mlangoni na nimeshaongoza zamu ya watu wa kujitolea, na haya ndiyo ninayotamani ningeambiwa kabla sijavaa reflekta kwa mara ya kwanza.

Majibu ya haraka kwanza.

Posho: usiitegemee. Kujitolea kwenye mashindano makubwa maana yake hakuna mshahara. Kwa kawaida unapewa sare, chakula ukiwa zamu, na mara nyingi usafiri wa ndani ya mji. Nauli ya kufika kwenye mji wa mashindano na mahali pa kulala ni juu yako. Ndivyo ilivyokuwa kwenye Olimpiki ya Paris 2024, na ndivyo masharti ya Kombe la Dunia la 2026 yalivyosema. Kamati ikitoa chochote zaidi ya hapo, kipokee kwa shukrani, lakini usikiweke kwenye bajeti yako.

Mechi: utaisikia kuliko utakavyoiona. Ukipangwa jukwaani, kazi yako ni kuwaangalia watazamaji, na uwanja utaupa mgongo. Goli litaingia, jukwaa zima litasimama, na wewe macho yako yatakuwa kwenye ngazi, isije ikawa kuna mtoto amesukumwa. Wengi huumia hapo. Kama unajijua moyo wako uko kwenye mpira wenyewe, nunua tiketi ukashangilie. Timu inahitaji mashabiki pia.

Nafasi: ushindani ni mkali. Qatar 2022 ilihitaji watu 20,000 na walioomba walizidi 400,000. Paris ilichukua 45,000 kati ya zaidi ya 300,000. Kwetu CAF, Shirikisho la Soka Afrika, ilizipa Kenya, Tanzania na Uganda AFCON hii Septemba 2023. CHAN ilikuwa na timu 19, ikafunguliwa Kwa Mkapa, Dar, tarehe 2 Agosti na fainali ikachezwa Kasarani, Nairobi, tarehe 30. AFCON ni timu 24, waandishi wengi zaidi, na viwanja vipya vya Arusha, Talanta (Nairobi) na Hoima (Uganda). Watu watahitajika, ila usidhani utapita kwa kuwa tu unaipenda Taifa Stars, Harambee Stars au Cranes.

Viwe mkononi kabla hujaanza

- Umri wa miaka 18 au zaidi. Hicho ndicho kiwango kinachotumika karibu kila mahali.
- Kitambulisho cha taifa (NIDA kwa Tanzania, Ndaga Muntu kwa Uganda, kitambulisho cha kawaida kwa Kenya) au pasipoti. Unayetaka kuvuka mpaka, tafuta pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano mapema.
- Picha ya pasipoti ya karibuni, mandhari meupe, bila kofia wala miwani ya jua.
- Barua pepe unayoifungua kila siku. Ile uliyofunguliwa na kijana wa kibanda cha intaneti na hukumbuki neno la siri, iache.
- Majina na namba za watu wawili wanaoweza kukushuhudia: mwalimu, kocha, kiongozi wa kwaya, imamu, bosi. Waombe ruhusa kabla ya kuandika majina yao.
- Cheti cha tabia njema kutoka polisi, kama kitaombwa. Foleni yake huwa ndefu, kwa hiyo jua mapema kinapatikanaje kwenu.
- Kalenda yako ya kweli. Nitaieleza kwenye hatua ya tatu, maana hapo ndipo wengi wanapoanguka.

Hatua kwa hatua

1. Anza na mashindano madogo, mwaka huu.

Usingoje fomu ya AFCON itoke ndipo uanze kutafuta uzoefu. Kili Marathon pale Moshi, mbio za Nairobi, Kampala na Kigali, UMITASHUMTA na UMISSETA (michezo ya shule za msingi na sekondari Tanzania), michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, hata ligi ya mkoa wako: kote huko kuna uhaba wa watu wa kugawa maji, kupanga foleni na kuandika matokeo. Nenda kwa waandaaji, jitambulishe, sema siku ulizo nazo. Ukimaliza omba barua fupi inayotaja kazi uliyofanya. Saa sita za kugawa maji barabarani zinakufundisha kusimama juani bila kukasirikia watu, na zinakupa kitu cha kuandika kwenye fomu.

2. Fuata mlango ulio rasmi tu.

Matangazo ya kweli hupita kwenye tovuti na kurasa za CAF, kamati ya maandalizi ya nchi yako, na mashirikisho ya soka: TFF (Tanzania), FKF (Kenya), FUFA (Uganda). Kiungo kikikujia kwenye kundi la WhatsApp, usikibonyeze. Nenda mwenyewe kwenye ukurasa rasmi uone kama tangazo hilo lipo.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Kujiandikisha kujitolea ni bure. Hakuna ada ya fomu, hakuna pesa ya sare, hakuna "kianzio" cha mafunzo cha kutuma kwa simu. Anayekuomba elfu ishirini ili jina lako "liingizwe kwenye mfumo" ni tapeli, hata kama anavaa fulana yenye nembo na anamjua mjomba wako. Na anayekuahidi viza ya Ulaya au Marekani kupitia kujitolea ni hatari zaidi, kwa sababu anataka pasipoti yako.

3. Jaza fomu kwa utulivu, na useme ukweli.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Wewe ni Mwanaisha kwenye NIDA, usijiandike Aisha. Beji hutengenezwa kwa jina la fomu, na mlangoni afande analinganisha. Namba ya simu ianze na +255, +254 au +256, na ile sifuri ya mwanzo uiondoe. Saizi ya sare na viatu andika unayovaa leo.

Siku unazopatikana: hapa usiweke tiki kila mahali kwa kudhani utapendwa zaidi. Kombe la Dunia la 2026 liliomba kila mtu awe tayari kwa zamu zisizopungua 8. Hesabu zako ziwe namna hiyo, zikiwa na mazoezi ya kabla na mafunzo. Kama una mtihani, harusi ya dada au likizo ya siku kumi tu, sema. Kiongozi wa zamu anaweza kupanga kazi kwa mtu mwenye siku sita za uhakika. Mwenye siku thelathini za kufikirika humwacha na mlango usio na mtu.

Swali la "kwa nini unataka kujitolea" ndilo linalowatenganisha watu. Jibu ninalolisoma mara nyingi ni hili: "Mimi ni mpenzi mkubwa wa mpira tangu utotoni na itakuwa heshima kwangu kuitumikia nchi yangu." Si baya, lakini liko kwenye fomu elfu. Linganisha na hili: "Nimefanya kazi miaka miwili kwenye stendi ya mabasi. Kila siku nasaidia wageni waliopotea, wengine hawajui Kiswahili. Nawajua wazee wanavyochoka kwenye foleni. Naomba kupangwa mlangoni au mapokezi." Huyu wa pili hana shahada, lakini nikimsoma tu najua nimweke wapi.

4. Chagua eneo linalokufaa.

Kazi si mlangoni peke yake. Kuna mapokezi ya uwanja wa ndege na hoteli, usafiri wa timu, ofisi ya beji, itifaki ya wageni maalum, huduma kwa waandishi, huduma ya kwanza kwa wenye taaluma, na sherehe za ufunguzi.

Lugha ni mtaji mkubwa. CAF huendesha shughuli zake kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu, na wakalimani hawatoshi kila kona. Ndugu zetu wa Lubumbashi, Bukavu, Goma na Bujumbura wanaozungumza Kiswahili na Kifaransa, na Wazanzibari waliokulia Muscat wenye Kiarabu cha nyumbani, andikeni hilo juu kabisa. Kwa asiye na lugha hizo, jifunze angalau kusalimia, "nifuate tafadhali", "subiri kidogo" na "choo kiko kule". Mgeni aliyechoka na safari ukimwambia "suivez-moi, s'il vous plaît" uso wake unafunguka.

Kazi moja isiyojulikana ni usindikizaji wa wachezaji kwenye upimaji wa dawa zilizopigwa marufuku. Mchezaji akishaarifiwa kwamba atapimwa, msindikizaji hatakiwi kumwondoa machoni hata dakika moja hadi afike chumba cha vipimo: akienda kuhojiwa uko naye, akienda kubadili nguo uko naye. Inataka mtu mtulivu, asiyeomba picha. Kama ndivyo ulivyo, iombe.

5. Jiandae kwa usaili.

Unaweza kuwa wa simu, wa video au wa kikundi. Wanachopima ni jinsi unavyoongea na watu ukiwa umebanwa. Tegemea swali kama hili: "Mtazamaji ana tiketi halali, kiti chake kimekaliwa, na ameanza kupiga kelele. Utafanya nini?" Jibu kwa tukio ulilowahi kulipitia: lilitokea nini, wewe ulifanya nini, likaishaje. Kwa kisa hicho, msikilize kwanza, angalia tiketi zote mbili (mara nyingi mmoja amekosea jukwaa au safu), na likishindikana mwite kiongozi wako. Ukijibu kwamba utamtoa mtu kwa nguvu umefeli, kwa sababu hiyo ni kazi ya walinzi na polisi.

6. Hudhuria mafunzo yote, kisha utembelee uwanja kwa miguu.

Mafunzo huwa ya aina tatu: ya jumla, ya kazi yako, na ya uwanja. La tatu ndilo watu hulikwepa, na ndilo lenye faida kuliko yote. Zunguka mwenyewe. Jua lango lako na lango la jirani, choo kilipo, maji, chumba cha huduma ya kwanza, sehemu ya watoto waliopotea, njia ya viti vya magurudumu, na mlango wa dharura ulio karibu nawe. Uliza unafunguka kuelekea wapi na nani ana ufunguo.

Sisemi hivyo kwa kutishia. Tarehe 24 Januari 2022, kwenye AFCON ya Cameroon, watu 8 walipoteza maisha kwa msongamano kwenye lango la uwanja wa Olembe, Yaoundé, kabla ya mechi ya wenyeji na Komoro. Watu wale walikwenda kuangalia mpira. Kila anayepangiwa lango anapaswa kubeba jambo hilo moyoni. Ukiona foleni inaanza kubana, watu wanapandishiana vifua na walio mbele hawawezi kugeuka, toa taarifa hapo hapo, kwa redio au kwa kumtuma mwenzako. Usingoje uwe na uhakika.

7. Soma saa kwa usahihi.

Ratiba za mashindano huandikwa kwa saa 24, nasi tunahesabu saa kutoka mapambazuko. Nimeona watu wazuri wakifika wamechelewa kwa muda wa saa sita kamili. Kiongozi mgeni akisema kwa Kiingereza ufike "seven", yaani saba, asubuhi, anamaanisha saa moja. Ukitafsiri neno kwa neno utafika saa saba mchana.

Kanuni yangu: kuanzia 07:00 hadi 18:00, toa 6. Kuanzia 19:00 hadi 23:00, toa 18. Kwa hiyo 13:00 ni saa 7 mchana, na 20:00 ni saa 2 usiku. Baada ya usiku wa manane, jumlisha 6: basi la 01:00 ni la saa 7 usiku. Na wewe unayetoka Kigali, Bujumbura, Goma au Lubumbashi, kwenu mko saa moja nyuma ya Dar, Nairobi na Kampala. Badili simu ukivuka mpaka. Kila zamu irudie kwa njia zote mbili ukithibitisha: "19:00, saa 1 usiku, sawa?"

8. Siku ya zamu.

Raba ulizokwisha kuzizoea, kwa sababu viatu vipya vitakutoa malengelenge kabla ya mapumziko. Chupa ya maji, pawa benki, koti jepesi la mvua, dawa zako. Usidanganyike na joto la Dar ukipangwa Nairobi au Arusha, maana jioni baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Jezi ya timu yako iache nyumbani, hata chini ya sare.

Fika mapema, jisajili, kisha umsikilize kiongozi wa zamu hadi mwisho. Ukipewa redio ya mkononi, bonyeza, ngoja sekunde moja, ndipo useme. Wengi huanza kusema kabla ya kubonyeza na neno la kwanza, ambalo huwa ni jina la lango, hupotea.

Ukiwa kwenye nafasi yako, usiondoke bila wa kukupokea. Hata haja ikikubana, omba mtu. Na wasalimie watu. "Karibuni sana, tiketi mkononi tafadhali" ikisemwa kwa uso mkunjufu hupunguza nusu ya ugomvi. Mzee ni mzee, mwite baba au mama kama ungemwita mtaani.

Makosa yanayowafukuzisha watu

Kuposti picha ya beji ndilo la kwanza. Ina msimbo unaoweza kunakiliwa, na watu wa usalama wakiiona mtandaoni huibatilisha beji yenyewe. Kumpa rafiki beji "aingie mara moja" ni kosa kubwa zaidi, na hapo unaweza kuishia kituoni. Kuomba saini, jezi au picha na mchezaji ukiwa kazini. Kuuza tiketi. Kutia mkeka (kubeti) kwenye mechi za mashindano unayoyatumikia, au kumwambia mtu nani ameumia mazoezini. Soma mkataba wako kabla ya kutia saini, vipengele hivi huwa vimo. Na kuwaambia waandishi chochote zaidi ya "msemaji yuko kule", hata kama jibu unalijua.

Mambo yakienda kombo

*Sijajibiwa.* Angalia folda ya barua taka kwanza. Kisha ingia kwenye akaunti yako uone hali ya ombi. Majibu huchukua miezi. Usijaze fomu ya pili kwa barua pepe nyingine, maana majina mawili yanayofanana huchelewesha yote mawili. Ukiwekwa akiba, kubali. Wengi hujitoa wiki za mwisho na nafasi zao hupewa walio kwenye orodha hiyo.

*Nimepangiwa kazi ambayo sikuiomba.* Ifanye zamu ya kwanza, kisha zungumza na kiongozi wako. Nilimpanga dada mmoja kwenye maegesho ya magari, mbali na kila kitu, naye alikuwa ameomba itifaki. Alivunjika moyo, nami nilimwonea huruma, lakini sikuwa na mtu mwingine. Siku ya tatu ndiye aliyelifahamu lile eneo kuliko sisi sote, na gari la wagonjwa lilipohitaji kutoka, yeye ndiye aliyelifungulia njia.

*Beji yangu inakataa mlangoni.* Usibishane na mashine wala na afande. Beji nyingi hufungua maeneo fulani tu, kwa hiyo huenda uko mlango usio wako. Kama ni mlango wako, kaa pembeni, piga simu kwa kiongozi, nenda ofisi ya beji.

*Mheshimiwa hana beji na anataka kupita.* Msalimie kwa heshima, mwombe asubiri kidogo, mwite mtu wa itifaki. Usimfungulie na usimjibu vibaya. Akisema "hunijui mimi?", mwambie "shikamoo mheshimiwa, naita anayekupokea sasa hivi." Uamuzi si wako, na hilo ni kinga kwako.

*Mtoto amepotea.* Kaa naye mahali hapo hapo mlipokutana, toa taarifa, na mwenzako mmoja awepo. Usitangaze jina lake kwa sauti. Mtu akija akisema ni mzazi, mpeleke kwenye sehemu rasmi ya watoto wakamthibitishe. Usimkabidhi wewe.

*Mwajiri amekataa ruhusa.* Peleka barua ya kuchaguliwa mapema, uombe siku zilezile za zamu tu, na upendekeze jinsi utakavyofidia kazi. Akikataa kabisa, iarifu kamati siku hiyo hiyo ili mtu wa akiba aitwe. Kutotokea bila taarifa kunawaumiza wenzako, kwa sababu mmoja wao atasimama zamu mbili.

*Naumwa katikati ya zamu.* Sema. Kizunguzungu cha jua huanza kidogo kidogo, na mtu wa kujitolea akizimia mlangoni anahitaji wengine wanne wa kumbeba.

*Mashindano yameisha na sijapata cheti.* Hakikisha zamu zako zote zilisajiliwa, kisha iandikie ofisi ya watu wa kujitolea ukitaja jina lililo kwenye beji, uwanja na tarehe. Fanya hivyo ndani ya wiki mbili, kabla kamati haijavunjwa na barua pepe zake hazijafungwa.